Barua kwa Mwanangu Anayerudi Nyeri

Mombasa, Jumapili usiku

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Sisi hatujambo, ila goti la babako bado lamsumbua. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hukuniacha nimalize, na juma lijalo ukisharudi chuoni hutakuwa na wakati wa kunisikiliza.

Umesema hutajiandikisha kwa ile kozi ya Siemens, kampuni ya Ujerumani, hapo chuoni kwenu, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, eti ni mambo ya mafundi, na wewe wasomea uhandisi wa mekatroniki, yaani mashine, umeme na kompyuta pamoja. Neno hilo limeninyima usingizi siku tatu.

Ulivyonisimulia ule mkono wa roboti kwenye atachimenti huko Nairobi nilifurahi mno. Kile kidude cha kuuongozea, swichi yake ukiibana kiasi mkono unakwenda, ukiiachia unasimama, na ukishtuka ukaibana kwa nguvu pia unasimama. Na kwamba wakati wa kuufundisha miendo yake mtu akiwa karibu hautakiwi kupita milimita 250 kwa sekunde. Nikakuuliza, wewe uliibana? Ukasema hapana, walioshika ni wavulana, wewe ulikuwa ukiandika ripoti. Miezi mitatu, mwanangu? Najua mwandiko wako ni mzuri. Mwandiko huohuo ndio uliokuponza.

Sisemi kwamba sijivunii. Kila mkutano wa chama nawatajia mekatroniki, hata wasioweza kulitamka sasa walitamka. Lakini nikirudi nyumbani najiuliza: huyu atamaliza miaka mitano, avae joho, halafu siku ya kwanza kazini afunguliwe kabati la umeme na asijue pa kuanzia?

Hili sijawahi kukwambia. Kiwandani kwa babako mashine ya kupanga magunia iligoma, akaletwa mhandisi kijana mwenye shahada. Aliacha multimita, ile mita ya kupimia umeme, kwenye ampea, akapima volti. Fyuzi ya mita ikaungua mbele ya watu wote, na tangu hapo mikono yake ikawa inatetemeka. Babako alikuja kukuta sensa, lile jicho la mashine la kuona gunia, imefunikwa na vumbi la unga. Programu haikuwa na kosa; iliambiwa hakuna gunia, ikawa inangoja gunia. Aliifuta kwa kitambaa, mashine ikaenda. Yule kijana hakuwa mjinga, hesabu zake hakuna mtu pale aliyeziweza. Ila huko alikosoma, siku zote mita alishika mwenzake. Babako amwonea huruma mpaka leo. Mimi nakuonea wewe hofu.

Nimeulizia hiyo kozi unayoidharau. Nimeambiwa mnawekewa mtambo mzima, hewa ya shinikizo, mota, sensa na PLC, ile kompyuta ndogo inayoiamuru mashine, vyote pamoja, mnautazama unavyofanya kazi, kisha mnatafuta hitilafu imeanzia wapi. Si ndiyo kazi yenyewe hiyo? Roboti gani utakayoikuta kiwandani peke yake, haina waya, haina mpira wa hewa unaovuja? Chukua ngazi ya kwanza tu, mamangu. Na kwenye kundi useme mapema: leo nashika mimi, ripoti aandike mwengine.

Babako naye ana lake. Alisoma habari za Robert Williams, kijana wa miaka 25 aliyeuawa na roboti kiwandani huko Michigan, tarehe 25 Januari 1979. Alipanda mwenyewe kwenye rafu kuchukua vyuma, mkono ukaja ukampiga, na hapakuwa na king'ora cha kumwonya. Kwa hiyo asema hivi: kabla ya kuingia ndani ya ua wa roboti, zima, funga swichi kwa kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwako. Mwako wewe.

Na hilo neno, mambo ya mafundi, huenda hukulipata chuoni. Babako alipokuwa akifungua mota uani, nani aliyekuwa akikuita ndani ukasome? Nduguyo nilimwacha abaki pale. Sitaki kulirefusha hili. Pesa za kozi nimekutumia kwa M-Pesa jioni hii. Si za kodi ya nyumba, usianze maswali. Ni zamu yangu ya chama, na nilikuwa nataka kununua makochi, lakini haya ya sasa yanakalika.

Kifurushi kitafika na basi Jumatano. Mna sweta, mafuta ya nazi na visheti, ugawane na mwenzako wa chumbani. Bisibisi zile sita ni za babako, amezipaka mafuta na kuzifunga kitambaa mwenyewe. Mita amekuwekea pia, na fyuzi za akiba. Nyanyako akusalimu, amemaliza dawa za presha na kesho nampeleka kliniki. Paka amezaa tena, mara hii watatu.

Feni ya chumbani kwako inalia tangu wiki jana. Babako ataka kuifungua, nimemkataza kupanda ngazi na goti lile. Nduguyo ataka kumwita fundi, naye nimemkataza. Itakungoja Disemba.

Mamako