Ahsante, fundi wa geji

Fundi uliyekataa kutaja jina, ahsante sana. Umetuokoa tusifunge injini ya kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) kwenye bagi, gari jepesi la kujiundia, ya kupandia milima. Gari likiinama sana, petroli ndani ya kabureta huegemea upande mmoja: injini inazidiwa mafuta au inakosa kabisa, inazima katikati ya mwinuko.

Ulituchagulia injini ya 5A-FE ya Toyota Corolla, cc 1498, ya nozeli zinazopuliza petroli kwa presha bila kabureta, pamoja na giaboksi na shafti zake mbili, ikae nyuma ya dereva. Onyo lako lina thamani kubwa: injini ielekee vilevile ilivyokuwa kwenye gari. Ukiigeuza, gia zote za mbele zinakuwa za kurudi nyuma, unabaki na moja tu ya kwenda. Tairodi nazo, vile vyuma vya usukani vinavyogeuza magurudumu, zifungwe kwenye fremu, la sivyo magurudumu ya nyuma yatakata kona yenyewe.

Ahsante pia kwa somo la kupima kwa geji kompresheni, yaani mgandamizo ndani ya silinda: injini iwe ya moto, plagi zote nje, mafuta yakanyagwe hadi mwisho. Silinda ikisoma chini ya psi 140, au zikitofautiana zaidi ya 15, iache. Ute wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili? Shuku gasketi ya silinda hedi kwanza, maji yanaingia kwenye oili.

Waya hatukukata hata mmoja. Tumechukua wayaringi nzima na kontroboksi yake, kompyuta ya injini. Na ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, tumechomelea bati mbili, oili isikimbie mdomo wa pampu kwenye mteremko, kama ulivyoelekeza.