Barua ya wazi kwa mhandisi wa barabara kuu: Tuondolee mawe ya malori

Kwako Mheshimiwa Mhandisi unayesimamia barabara kuu hapa Mombasa,

Pokea salamu zangu kwa heshima zote. Mimi ni mwendeshaji wa bodaboda, steji yangu iko Miritini. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu barua tulizoleta ofisini kwa mkono ziligongwa muhuri, zikapokewa, na mpaka leo hatujaona jibu.

Shida yetu ni mawe. Lori likiharibika usiku kati ya Changamwe na Mazeras, utingo hushuka, akatafuta mawe makubwa na kuyasukuma nyuma ya magurudumu lisirudi nyuma. Mengine huyatandaza barabarani pamoja na matawi ya miti, yawe onyo kwa wanaokuja. Gari likishapona, dereva huliwasha akaenda zake bandarini. Mawe huachwa pale pale katikati ya lami, gizani. Sheria inataka kila gari libebe zile pembetatu nyekundu zinazong'aa zikimulikwa, na kazi yake ni hiyo hiyo ya kuonya. Mimi nadhani nyingi huibwa zikishawekwa chini, basi dereva akaona jiwe ni rahisi zaidi kwa kuwa halinunuliwi. Au ni haraka ya kuwahi zamu ya kontena. Vyovyote vile, aliyeyaweka hayatoi, na wewe uliye na dhamana ya barabara huyatoi.

Alfajiri ya Jumanne iliyopita mwenzetu wa steji alimbeba mama mboga anayekwenda kununua mzigo sokoni Kongowea. Wanaokwenda Kongowea hutoka giza lingalipo, wasikute mabaki. Kabla ya kufika Mikindani alikuwa nyuma ya trela. Trela tumbo lake liko juu, likayavuka mawe yakapita katikati ya magurudumu yake bila kuguswa. Mwenzetu aliyaona yakitokea chini ya trela yakiwa tayari yako mbele ya gurudumu lake. Muundi wake umevunjika mara mbili. Yule mama amevunjika kifundo cha mkono, mkono ule ule anaomenyea na kufungia sukuma wiki, na ana watoto wanaomtegemea. Tuliyabeba mawe yale wenyewe kwa mikono, huku tukimulikia simu na malori yakitupigia honi tupishe.

Mheshimiwa, aliye ndani ya gari akikanyaga kokoto husikia kelele tu chini ya miguu. Sisi tuna magurudumu mawili, na la mbele ndilo linalotushika. Likipanda kokoto wakati umelala kwenye kona, au umebana breki, linateleza upande, na hakuna dereva hodari anayelirudisha. Mchanga unaomwagika kwenye mzunguko wa Changamwe kutoka kwa malori yasiyofunikwa turubai hufanya vivyo hivyo. Na kuna vipande vya tairi. Tairi lililovishwa upya likibebeshwa mzigo mzito kwenye joto letu hili, huchubuka, ngozi yake ikabaki barabarani na nyaya za chuma zimechomoza. Gari la mbele likikikanyaga kipande kile kinaruka, na anayepigwa ni boda aliye nyuma. Dizeli ndiyo sitaki hata kuianza. Mvua ya kwanza ya masika ikinyesha juu yake, lami inakuwa kama sakafu iliyomwagiwa sabuni.

Haya sikusimuliwa na mtu. Mwaka jana nilianguka kwenye mchanga huo huo, nikavunjika mtulinga. Pikipiki ilikuwa ya mkopo, na mkopo haukungoja nipone. Wenyewe walikuja wakaichukua nikiwa mkono umefungwa shingoni. Mahamri ya mke wangu ndiyo yaliyolipa kodi ya nyumba, na karo iliposhinda mtoto wetu akarudishwa nyumbani. Leo naendesha pikipiki ya mtu, kila jioni nampelekea hesabu yake, nipate nisipate. Bega hili likiguswa na baridi ya usiku linaniuma mpaka nashindwa kushika usukani vizuri. Nikianguka tena sina kitu kilichobaki cha kuchukuliwa.

Tulipokuja kwako tuliambiwa twende kaunti. Kaunti wakatuambia barabara ya Mombasa kwenda Nairobi ni ya serikali kuu, na hapo walisema kweli. Sheria ya barabara ya 2007 iliunda mamlaka tofauti za barabara kuu, za mijini na za vijijini, kisha Katiba ya 2010 ikazipa kaunti barabara zao. Mgawo upo na unaeleweka. Jiwe lililo kwenye barabara kuu ni la mwenye barabara kuu.

Sisi upande wetu tunatimiza. Marekebisho ya sheria ya trafiki ya 2012 yanatutaka tuvae helmeti na koti la kung'aa na tubebe abiria mmoja, na askari wanatusimamisha kulihakikisha hilo. Ushuru wa matengenezo ya barabara tunalipa kila tunapotia mafuta. Ulikuwa shilingi 18 kwa lita, ukapandishwa hadi 25 Julai 2024. Boda hutia mafuta kila siku, Mheshimiwa, tena kwa pesa aliyoishika asubuhi hiyo hiyo. Tunauliza, katika shilingi hizo 25 haipatikani hata ya kumlipa mtu wa kuokota mawe?

Nakukumbusha maneno yako kwenye baraza lile kabla ya masika, mbele ya wazee na chifu. Ulisema gari la doria litapita usiku na alfajiri kuzoa uchafu wa barabarani. Ulisema mabango yatasimamishwa yenye nambari ya simu ya kupigwa mtu akiona hatari. Tulikupigia makofi, nami nilipiga. Masika imekuja ikaisha. Gari hatujaliona, bango hatujaliona, na nambari hatunayo.

Kwa hiyo sikuombi barabara mpya, wala sikuombi taa za Mombasa mpaka Mazeras. Hata mabango, kama hayawezekani mwaka huu, tutasubiri. Naomba lile gari. Lipite kila siku kabla ya adhana ya alfajiri, kutoka Changamwe hadi Mazeras, pande zote mbili, liwe na watu wawili wa kushuka na kutoa mawe. Kama tatizo ni watu, vijana wa steji yetu wako tayari kupokezana zamu. Wewe tupe gari lenye taa ya onyo juu, tusigongwe tukiinama. Lianze wiki hii. Mawe yatolewe kabla ya alfajiri, Mheshimiwa. Tafadhali, yatolewe.

Wako kwa heshima,
Mwendeshaji wa bodaboda, Miritini