Nipeni na sentensi yake

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Juzi nilikuwa nikimhadithia mjukuu wangu kwamba marehemu baba yangu hakukubali jahazi lishushwe majini bila ya kupakwa sifa. Akaniuliza, "Sifa za nani, babu? Za fundi?" Nilicheka mpaka nikakohoa. Mtoto wa Wete huyu, bandari anaiona mlangoni, hajui sifa ya mafuta ya papa, ile ambayo harufu yake humfuata mtu mpaka msikitini!

Neno hilo kwenye kamusi limo. Lakini ukilitoa peke yake, mtoto atashika sifa anayoijua yeye.

Waingereza hili waliliona mapema. Kamusi yao kubwa ya Oxford ilianza kama wazo tu, London, mwaka 1857. James Murray, mwalimu wa skuli kama mimi, alipokabidhiwa uhariri mwaka 1879, hesabu ilikuwa miaka 10. Kitabu cha kwanza kilipotoka mwaka 1884, hata herufi A haijesha. Kazi ilimalizika 1928. Murray alikwishafariki tangu 1915, akiwa bado na herufi T. Alijenga banda la bati, akalijaza vikaratasi walivyompelekea watu wa kila namna waliojitolea. Mmoja alikuwa daktari wa Kimarekani, William Chester Minor, aliyefungwa katika hospitali ya wenye akili zisizotulia kwa sababu aliua mtu. Kila kikaratasi kilikuwa na neno, sentensi iliyonakiliwa kitabuni vile vile ilivyo, na mwaka wake.

Na mimi nilikuwa na vyangu. Nilikuwa nikiandika maneno ya mafundi wa majahazi nyuma ya pakiti za sigara na kuyatia katika boksi la viatu. Miaka imepita sasa, nililipeleka ofisi moja Unguja. Nilipolifuata, nikaambiwa wamehama na boksi halionekani. Nakala sikuweka, hilo kosa langu. Murray naye alipotelewa na kikaratasi cha neno lenye maana ya kijakazi, likakosekana katika chapa ya kwanza. Lakini yeye kimoja, mimi boksi zima!

BAKIZA, Baraza la Kiswahili la Zanzibar, wametutolea kamusi ya Kipemba, nawashukuru, ninayo. Ombi langu ni kwako, Mhariri: tupe kipembe cha gazeti kila Ijumaa. Msomaji alete neno moja, sentensi kama alivyoisikia bila kuisafisha, kazi ya aliyeisema, mahali na mwaka. Wachumaji karafuu, wavuvi, wasusi wa mikeka, wote waulizwe kabla hatujawazika.

Naanza mimi.

Kalafati (kuziba nyufa za mbao za jahazi kwa pamba): "Pamba itie polepole, mwanangu. Ukipiga kalafati kama unapiga ngoma, maji yatakuja kucheza." Fundi wa majahazi, Wete, 1968.

Wasalaam,
Mwalimu mstaafu,
Wete, Pemba