Barua kwa mwanangu aliyeitwa kutoka orodha ya wanaosubiri

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo. Ninakuandikia ingawa tunaishi nyumba moja, kwa sababu nataka maneno haya uyasome kwa utulivu na uyarudie utakapoyahitaji, bila kulazimika kunijibu papo hapo ukiwa mlangoni na begi mgongoni.

Jumapili iliyopita, baada ya Misa, mzee mmoja wa jumuiya yetu alikupa mkono wa pongezi kwa kupata nafasi katika sekondari ya Majesuiti, wale watawa wa Kikatoliki. Ulimwamkia vizuri, ukamshukuru, kisha ukaongeza jambo ambalo hakukuuliza: kwamba ulikuwa kwenye orodha ya wanaosubiri, na kwamba walikuita baada ya wengine kukataa. Nimekusikia ukimweleza Bibi hivyo hivyo kwenye simu, naye kule Moshi hakuelewa kabisa kwa nini mtu anayetangaza habari njema anaitangaza kwa sauti ya mtu anayetubu. Nataka jambo hili tulimalize kabla ya mwezi wa nane, maana ukiingia darasani ukiamini kwamba kiti chako ni cha kuazima, utakaa miaka minne ukiomba radhi kwa kuwepo kwako.

Elewa kwanza orodha hiyo inavyofanya kazi. Hapa Maryland na Washington, Marekani, mvulana wa darasa la nane anayetaka sekondari ya Kikatoliki haombi shule moja tu. Huomba mbili, tatu, pengine zaidi, na kijana mmoja mwenye alama nzuri anaweza kupokea barua za kukubaliwa kutoka shule zote alizoomba. Hata hivyo ataketi katika kiti kimoja. Shule zinalijua hilo, kwa hiyo ofisi ya udahili hukisia ni wangapi kati ya waliokubaliwa watakaothibitisha, na kwa kuwa makisio hayawezi kuwa sahihi kila mwaka, huweka kando kundi la vijana ambao imeshawaona kuwa wanaiweza kazi ya shule ile. Asiyeiweza hupewa barua ya kukataliwa, na barua hiyo haina utata. Wewe hukupewa barua hiyo. Walichokuambia mwezi wa pili ni kwamba unafaa na kwamba viti vimekwisha, na hayo ni mambo mawili tofauti ambayo wewe umeyafunga pamoja na kuyabeba kama jambo moja.

Najua unafikiria mtihani. HSPT, ule mtihani wa kuingilia sekondari za Kikatoliki, ina maswali 298, nawe uliyafanya asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili katika ukumbi ambao hukuwahi kuingia kabla. Sehemu ya kwanza peke yake, ile ya maneno, ina maswali 60 ya kujibiwa kwa dakika 16, yaani sekunde 16 kwa kila swali, na mtoto anayezungumza Kiswahili nyumbani na Kiingereza shuleni anaweza kuijua maana ya neno vizuri kabisa na bado akachelewa kwa sekunde tatu. Sikutafutii udhuru wala siulaumu mtihani, kwa sababu shule inayopokea maombi mengi lazima iwe na kipimo fulani. Ninalosema ni kwamba kipimo cha asubuhi moja hakiwezi kutenganisha kwa uhakika mvulana aliyeitwa wa mwisho katika kundi la kwanza na mvulana aliyewekwa wa kwanza katika orodha ya kusubiri. Mahali fulani kati yao ilibidi mstari upigwe, nao ukapigwa karibu na jina lako.

Kuna mambo mengine yanayouelekeza mstari huo, na umri wako sasa unaruhusu uyajue. Shule nyingi za aina hii huwatazama kwa jicho la pekee wadogo wa wanafunzi waliopo na wana wa wahitimu. Katika familia kadhaa za hapa, babu, baba na mwana wamevaa tai ya shule moja. Desturi hiyo ina uzuri wake, kwani ndiyo inayofanya wazee waendelee kuichangia shule na kuzipatia familia kama yetu msaada wa ada. Lakini pia ina maana kwamba mtoto wa mhamiaji, ambaye baba yake alisoma seminari ndogo huko Kilimanjaro, anaanza hatua kadhaa nyuma hata kabla ya kuandika jina lake kwenye fomu. Sisi hatukuwa na babu wa kumtaja. Jina lililokuwa mbele yao lilikuwa lako peke yake, na ndilo waliloliita.

Tena hukukaa tu ukingoja. Nakumbuka vizuri barua uliyoiandika mwezi wa tatu, ofisi ilipokuruhusu kueleza kama bado unaitaka nafasi. Rasimu ya kwanza ilijaa sifa za shule: timu zake, maabara yake, wahitimu wake mashuhuri. Uliisoma, ukakaa kimya, ukachukua kalamu nyekundu na kufuta karibu ukurasa mzima. Kisha ukaandika habari za zile Jumamosi unazokwenda kupanga vyakula vya makopo katika ghala la parokia, jinsi unavyoweka maharage mbele na supu nyuma kwa sababu maharage ndiyo yanayoulizwa kwanza, na jinsi mama mmoja alivyokufundisha kutazama tarehe ya mwisho ya matumizi kabla hujamkabidhi mtu kopo. Uliambatanisha ripoti mpya ya alama za robo ya tatu, ambapo hesabu ilikuwa imepanda, ukaenda mwenyewe kumwomba mwalimu wako wa Sayansi akuandikie maneno machache. Sikukuongoza katika hayo. Sijui ni lipi kati yake lililosomwa kwa makini na nani, ila najua kwamba walipopata kiti walikuwa na sababu ya kukukumbuka.

Suala la fedha nitalipitia kwa ufupi, kwa kuwa nisingependa ulibebe. Ada ya shule hii ni zaidi ya dola 20,000 kwa mwaka, na hatari ya kuitwa kwa kuchelewa ni kwamba mfuko wa msaada unaweza kuwa umeshagawiwa. Ndiyo maana baba yako na mimi tulipeleka fomu na taarifa zetu za kodi mapema, kabla hata ya majibu kutoka, na ndiyo maana tulipopigiwa simu mwezi wa tano swali langu la kwanza lilikuwa kuhusu msaada. Wametupatia sehemu, na sehemu nyingine tutaitafuta. Hilo ni letu. Usinijie baadaye na wazo la kuacha kucheza au kusafiri na wenzako ili kutupunguzia gharama bila kutuuliza.

Sasa nikueleze kidogo kuhusu watu unaokwenda kusoma kwao. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Majesuiti, alikuwa askari, na alipoamua kusoma alikuwa amekwisha kupita miaka 30. Huko Barcelona, kuanzia mwaka 1524, alijifunza sarufi ya Kilatini pamoja na watoto wadogo, kwa sababu bila Kilatini hakuna chuo kikuu ambacho kingempokea. Alichelewa kuliko utakavyowahi kuchelewa wewe. Mtu huyo ndiye ambaye shirika lake lilifungua shule huko Messina, Sisilia, mwaka 1548, na kutoka hapo likaenea duniani kwa elimu. Mwenzake, Mtakatifu Fransisko Ksaveri, alikuwa ameshatia nanga Malindi mwaka 1542 akielekea Goa; kwa hiyo usidhani kwamba historia yao na pwani yetu imeanza na wewe.

Lakini yapo pia mengine, nami ningependa uyasikie kwangu kwanza. Mwaka 1838 Majesuiti wa Maryland, jimbo hili hili tunaloishi, waliwauza watu 272, watu weusi, wake kwa waume na watoto wao, wengi wao wakapelekwa kwenye mashamba ya Louisiana, na sehemu ya fedha hizo ikalipa madeni ya chuo cha Georgetown. Wengi wa waliouzwa walikuwa Wakatoliki waliobatizwa. Mwaka 2017 shirika liliomba radhi hadharani mbele ya wazao wao. Nakuambia haya si kukujaza uchungu. Itakuja siku mtu atakufanya uone, kwa neno au kwa kutazama tu, kwamba viti vya shule zile vina wenyewe na kwamba wewe ni mgeni uliyekaribishwa kwa hisani. Siku hiyo ukumbuke ni nani waliogharimia kuta za elimu ya Majesuiti katika nchi hii, na ukae vizuri kwenye kiti chako.

Padre Pedro Arrupe, aliyekuwa mkuu wa shirika, aliwaambia wahitimu wa shule zao walipokutana Valencia mwaka 1973 kwamba lengo la elimu yao ni kulea watu kwa ajili ya wengine. Utayaona maneno hayo karibu kila mahali, kwenye kuta na kwenye fulana, hadi utayazoea. Ningefurahi usiyazoee upesi, kwa sababu ndicho kipimo ambacho wewe ulikuwa umeanza kukifikia katika ghala la parokia kabla shule yoyote haijakupima.

Lipo jambo moja la heshima ambalo bado hatujalitimiza. Ile shule nyingine ilikukubali tangu mwanzo, bila kukuweka foleni. Mkuu wake alikuandikia kwa mkono wake chini ya barua iliyochapwa, na katika wiki zile ulizokuwa ukila chakula bila kusema neno, wao ndio waliotuhakikishia kwamba mwezi wa tisa ungekuwa na pa kwenda. Fedha tuliyolipa kushikilia nafasi haitarudi, nami sidai irudi, kwani walitimiza walichoahidi. Ila hatuwezi kuondoka kimya kimya kana kwamba walikuwa kibanda cha kujikinga mvua tu. Tena fikiri: kiti ulichokiacha kule kimekuwa wazi siku ile tulipothibitisha huku, na huenda kuna mvulana mwingine, labda Hyattsville au Bowie, ambaye mama yake amepigiwa simu akiwa kazini. Mvulana huyo anafaa kabisa. Ukikutana naye uwanjani mwakani, je, utamwona ni wa kujazia nafasi? Kama humwoni hivyo, basi nawe acha kujiita hivyo.

Mtu akikupongeza, mshukuru na uishie hapo. Akikuuliza kama uliitwa kutoka orodha, mwambie ndiyo, kwa sauti yako ya kawaida, kwa kuwa ni kweli na si aibu. Usijaribu kumaliza kila kazi kwanza wala kunyoosha mkono kwa kila swali ili kuthibitisha kwamba hawakukosea. Mwalimu mzuri atakugundua, naye atasikitika. Kama Kilatini kitakulemea katika muhula wa kwanza, sema mapema, wala usikichukue kuwa ushahidi wa lolote zaidi ya kwamba Kilatini ni kigumu.

Kesho jioni, baada ya chakula, uiandike barua ya shukrani kwa mkuu wa shule ile nyingine. Mimi nitatazama tahajia tu. Maneno yawe yako. Tuiposti kabla ya Ijumaa. Jumamosi tutakwenda kutafuta koti na tai, na tutanunua koti lenye nafasi mabegani, maana kwa jinsi unavyorefuka halitakufikisha Pasaka. Orodha ya vitabu vya kusoma likizo hii nimeibandika kwenye friji. Kile kinene kianze mapema.

Akupendaye,
Mama