Risiti zetu hufutika kabla ya miaka mitano

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu wa Tanga, kuanzia Chumbageni mpaka Pongwe, kuhusu zile karatasi ndogo tunazotia mfukoni kila tukitoka dukani. Tumehimizwa miaka mingi kudai risiti, na wengi sasa tunadai. Lisilosemwa ni kwamba risiti ikishafika nyumbani hutunzwa ovyo, na siku inapotakiwa huwa imebaki karatasi nyeupe.

Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu za kodi zitunzwe miaka mitano. Risiti ya mashine ya EFD, yaani ile mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, kwa joto na unyevunyevu wa pwani yetu, ikiachwa hivihivi haifiki huko. Karatasi ile haina wino. Imepakwa dawa inayogeuka nyeusi ikipata joto la mashine, na dawa hiyohiyo huendelea kudhurika kwa jua, mvuke, mafuta na plastiki laini. Mkono wenye mafuta ya nazi ukiishika, alama ya kidole hubaki na tarakimu chini yake hupauka. Mfuko wa nailoni, ambao wengi tunaudhani ndiyo kinga, nao huifuta, kwa kuwa plastiki laini hutoa kemikali zinazokula maandishi. Selotepu hufanya vivyo hivyo pale ilipobandikwa.

Yapo makosa mawili yanayoua risiti papo hapo. La kwanza ni kuipiga pasi ili kuinyoosha. La pili ni kuipeleka ikafanyiwe lamineshi. Kote kuwili joto huigeuza karatasi nzima nyeusi, na hakuna wa kukurudishia maandishi. Kalamu ya kung'arisha maneno pia isiguse uso wa risiti. Ukitaka kuandika kitu, andika nyuma kwa penseli.

Dawa ni fotokopi ya karatasi ya kawaida. Risiti nne mpaka sita hukaa kwenye karatasi moja ya A4, na nakala ile ndiyo itakayosomeka baada ya miaka mitano. Usisubiri mwisho wa mwaka. Fanya kila mwisho wa mwezi, risiti zingali nyeusi. Siku ya manunuzi piga picha kwa simu, risiti ikiwa imelala juu ya meza, si mkononi, ili namba ya uhakiki na ule mraba wa kuskani vionekane kamili. Kisha ambatanisha risiti yenyewe na nakala yake kwa kuishona uzi pembeni. Pini za chuma huku kwetu hushika kutu ndani ya masika moja, na kutu hula karatasi zote mbili.

Kabla hujaondoka kaunta, soma. Tazama jina la duka na TIN yake, yaani namba ya mlipakodi, tarehe na saa, namba ya risiti, namba ya uhakiki, na zaidi ya yote kiasi. Umelipa 185,000 na risiti inasoma 85,000? Irudishe hapo hapo, kwa kuwa kesho hutakuwa na la kusema. Ukiwa na shaka, namba ya uhakiki pamoja na saa iliyochapwa huingizwa kwenye ukurasa wa uhakiki wa Mamlaka ya Mapato, na risiti halali hujitokeza. Kama unanunua kwa ajili ya biashara au ujenzi, taja jina na TIN yako kabla muuzaji hajabonyeza mashine, maana risiti isiyo na jina la mnunuzi inaweza kuwa ya yeyote. Na yule muuzaji anayekuuliza kama unataka bei ya risiti au bei bila risiti, ajue kwamba anakuuzia hasara: punguzo la leo ni ushahidi uliokosa kesho.

Kuhusu mpangilio, nyumba ya kawaida haihitaji kabati. Bahasha nne za kaki za A4 na daftari moja vinatosha. Moja ni ya nyumba na kiwanja, moja ya biashara ndogo ya nyumbani, moja ya ajira, yaani hati za mshahara na michango ya mfuko wa hifadhi, na moja ya chombo cha usafiri. Ziweke ndani ya ndoo ya plastiki ngumu yenye mfuniko, juu ya rafu, mbali na ukuta unaotoa jasho wakati wa mvua. Sanduku la mbao sakafuni ni karamu ya mchwa. Mwanzo wa kila mwaka anza bahasha mpya, isipokuwa ile ya nyumba na kiwanja, hiyo haifungwi.

Daftari ni kwa malipo yasiyo na karatasi, na hayo sasa ndiyo mengi. Kodi ya majengo hukatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, tangu 2021, na tangu 2023 nyumba ya kawaida hulipa sh 1,500 kwa mwezi, yaani sh 18,000 kwa mwaka. Ghorofa ni sh 7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Ushahidi wake ni ujumbe wa simu unaofutika simu ikiharibika. Nakili tarehe, namba ya mita, kiasi ulichonunua na kiasi kilichokatwa. Usiponunua umeme mwezi mzima, deni halifutwi, hujilimbikiza, ndiyo maana wengine hushtuka kuona uniti zimekuwa chache. Nyumba moja yenye mita mbili ikikatwa kwenye zote mbili, mmekwisha lipa 36,000 badala ya 18,000. Hapo mwenye nyumba aende ofisi ya Mamlaka ya Mapato na namba za mita zote mbili na kumbukumbu za makato, ili kodi ibaki kwenye mita moja. Bila kumbukumbu hizo atabaki kusimulia tu.

Mpangaji naye aelewe kwamba kodi ile ni ya mwenye nyumba. Anayelipa pango la miezi sita kwa mkupuo na huku anakatwa kwenye LUKU, ana sh 9,000 za kudai. Aoneshe daftari, wapunguze kwenye pango, wote wawili watie sahihi. Hakuna haja ya kugombana.

Kodi ya ardhi kwa mwenye hati hulipwa kwa namba ya malipo ya tarakimu 12 inayoanzia 99. Andika namba ya namna hiyo pembeni ya kila malipo ya serikali, kwa kuwa ndiyo ufunguo wa kuyatafuta. Aliyempangishia mfanyabiashara fremu ya duka ya sh 200,000 kwa mwezi na mpangaji akamkata asilimia 10, yaani sh 20,000 za kodi ya zuio, ile ambayo mlipaji huikata na kuipeleka Mamlaka ya Mapato, asikubali maneno matupu. Adai hati ya zuio na aitie kwenye bahasha ya nyumba. Asipokuwa nayo ataonekana hakulipa.

Sasa kiwanja, maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Anayeuza ardhi au jengo hulipa asilimia 10 ya faida. Lakini tangu 2023, mtu binafsi asiye na kumbukumbu za gharama hulipa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Chukua kiwanja kilichonunuliwa kwa milioni 12, kikajengwa msingi na ukuta kwa milioni 10, kisha kikauzwa kwa milioni 25. Mwenye mkataba wa manunuzi na risiti za saruji, nondo na kokoto anaonesha faida ya milioni 3, kodi yake ni sh 300,000. Asiye nazo hulipa sh 750,000. Tofauti ya sh 450,000 imetokana na karatasi.

Shida ni kwamba nusu ya gharama za ujenzi huenda kwa watu wasio na mashine: fundi, wachimba msingi, mwenye punda wa mchanga. Kwao andika hati ya malipo yenye jina kamili, namba ya kitambulisho cha taifa, simu, kazi iliyofanyika, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, tarehe na sahihi. Iandikwe siku ya malipo. Fundi akishahamia Korogwe hutampata.

Mama anayeuza vitumbua na bajia kibarazani naye ana sababu ya kushika daftari. Mauzo ya sh 15,000 kwa siku, kwa siku 360, ni milioni 5.4. Katika ngazi ya mauzo ya milioni 4 hadi 7 kwa mwaka, asiye na kumbukumbu hulipa sh 100,000 kwa mwaka. Mwenye kumbukumbu hulipa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, nayo ni sh 42,000. Safu tatu zinatosha: tarehe, mauzo, manunuzi. Aandike kila jioni kabla hajaosha karai, na siku asiyouza aandike sifuri, kwa kuwa siku tupu kwenye daftari humtia mkaguzi shaka kuliko sifuri. Awamu za malipo huangukia mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Azizungushie duara kwenye kalenda ya ukutani.

Mwaka ukiisha, funga bahasha na uandike juu yake kwa herufi kubwa mwaka wa kuitupa: za 2025 zisiguswe kabla ya 2031. Za kiwanja na nyumba hazina mwaka huo. Zikae muda wote unaomiliki, na miaka mitano tena baada ya kuuza.

Msomaji wenu,
Chumbageni, Tanga