Barua ya Wazi kwa Waziri wa Ujenzi na Uchukuzi: Ujuzi wa Mabaharia wa Port Bell Usipotee

Mheshimiwa Waziri,

Nakusalimu kwa heshima kutoka Luzira, hapa Kampala, ilipo bandari ya Port Bell. Mimi ni fundi wa mitambo mstaafu wa meli zetu za kuvusha mabehewa ya treni. Naomba ujuzi wa mabaharia wa meli hizi urekodiwe na kuandikwa tukiwa bado hai.

Meli hizo, Kabalega, Pamba na Kaawa, zilitoka Ubelgiji katika miaka ya 1980, zikiwa na reli sitahani. Behewa la kahawa liliingia kwa magurudumu yake, likavuka Ziwa Victoria hadi Mwanza, na kwa kuwa reli ya huko nayo ina upana wa mita moja, likaendelea hadi Dar es Salaam bila gunia hata moja kushushwa. Upakiaji wake ulitaka akili. Mabehewa yakijaa upande mmoja, meli inalala. Basi wenzetu juu wakipakia, sisi chini tulihamisha maji kutoka tangi hadi tangi ili isimame sawa. Kila behewa lilifungwa kwa minyororo. Ziwa likichafuka usiku, mnyororo mmoja ukilegea, hata aliyelala aliamka bila kuitwa.

Halafu yakaja magugu maji, miaka ile ya 1990. Injini hupozwa kwa maji ya ziwa, na magugu yakiziba chujio joto hupanda upesi. Tulifunga valvu, tukafungua kifuniko, tukang'oa kwa mikono mizizi myeusi iliyosokotana, na mukene, yaani dagaa, wamenasa ndani yake. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akiweka kiganja kwenye bomba, akajua chujio limeanza kuziba kabla mshale wa kipimo haujasogea. Mheshimiwa, jambo hilo halimo katika kitabu chochote nilichopewa kusoma.

Tarehe 8 Mei 2005 Kabalega iligongana na Kaawa, ikazama. Pamba na Kaawa zikasimamishwa kwa miaka mingi, na hapo ndipo watu walipotawanyika. Wengine walirudi kulima, wengine tumewazika. Kaawa iliporudi kazini nilifurahi kweli, lakini vijana waliopanda humo hawakuwakuta wa kuwaonyesha.

Hasara ya namna hii si ngeni kwetu. Meli ya Robert Coryndon ilijengwa Uingereza, ikatumika Ziwa Albert kutoka bandari ya Butiaba, ikazama mwaka 1962. Nani leo atakueleza zamu zake zilivyokwenda? Picha zipo. Mabaharia wake sikumbuki kama kuna aliyewahi kuwahoji, na hilo linaniuma.

Naomba madaftari ya safari yaliyosalia yakusanywe mahali pamoja, pakavu, penye mtu wa kuyatunza. Watumwe watu wenye vinasa sauti, wazungumze nasi kwa Kiswahili, maana ndicho tulichoelewana nacho na wenzetu wa Kisumu na Mwanza tulipokutana gatini. Na mafundi vijana wapewe ruhusa ya kukaa nasi melini, injini ikiwa inanguruma, kwa sababu mengine hayasemeki mezani.

Mimi niko tayari siku yoyote, bila malipo. Majina ya wenzangu walioko Luzira, Jinja na Masaka ninayo, na nitamkabidhi afisa yeyote utakayemtuma. Ila naomba aje mapema, maana wawili kati yao ni wagonjwa.

Wako mtiifu,
Fundi wa mitambo mstaafu, Luzira