Dola kukaa 129 hakujaniondolea wasiwasi

Mhariri,

Kila nikifungua gazeti siku hizi nakutana na mtu anayeisifu shilingi. Dola imekaa kwenye shilingi 129 hivi tangu katikati ya mwaka 2024, mfumko wa bei ukashuka, Benki Kuu ikaanza kupunguza riba, na kwa hivyo, tunaambiwa, uchumi umetulia. Mimi nauza vipuri vya magari Barabara ya Kirinyaga, kule ambako wengi bado wanakuita Grogan, na karibu kila kitu kilicho kwenye rafu zangu kimenunuliwa kwa dola. Ningestahili kuwa wa kwanza kushangilia. Sishangilii, na naomba nafasi nieleze sababu.

Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 124. Mzigo wangu wa beringi, klachi na breki wa dola 20,000 ulinigharimu shilingi milioni 2.48. Januari 2024 dola ilipita 160, na mzigo ule ule, kwa muuzaji yule yule wa Guangzhou, ukadai milioni 3.2. Laki saba na elfu ishirini zaidi, na hakuna hata beringi moja iliyoongezeka ndani ya kontena. Hapo sijataja ushuru wa forodha na VAT. Viwili hivyo hukokotolewa kwa thamani ya bidhaa ikishageuzwa kuwa shilingi, maana yake shilingi ikianguka, KRA, mamlaka ya kodi, hukusanya zaidi bila Bunge kugusa asilimia yoyote. Sijawahi kumsikia mbunge akilizungumzia hilo.

Tena hayo yote ni kama umezipata hizo dola. Mwaka huo wa 2023 benki zilitugawia dola kama maji ya mgao. Unaomba elfu ishirini, unapewa elfu tatu, unaambiwa urudi kesho. Huko dukani makanika anakuja kuchukua breki aliyouliza bei jana, anaangalia risiti, ananitazama usoni: “Mzee, si jana uliniambia elfu nne na mia tano?” Nilimwambia, ndiyo, ila nikiuza kwa bei ya jana sitaweza kununua nyingine kesho. Alitoka akaenda kutafuta breki za mtumba. Gari la nani lilifungwa breki zile, na linabeba abiria wangapi, sijui.

Ikaja Februari 2024. Serikali iliuza ng'ambo hatifungani mpya, yaani hati ya deni lenye riba, ya dola bilioni 1.5, hofu kwamba Kenya ingeshindwa kulipa Eurobond, hatifungani ya dola ya 2014, ikaondoka, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa imeshuka hadi karibu 130. Redioni walipongezana. Mimi nilikuwa na stoo iliyojaa mali niliyoinunua kwa 160. Jirani yangu aliyeingiza mzigo Aprili aliuza beringi zile zile kwa bei ambayo mimi nikiifuata ninatia hasara. Kwa hivyo shilingi ilipoanguka niliumia, na ilipopanda kwa kasi nikaumia tena. Hili watu wa hesabu kubwa hulisahau. Mfanyabiashara anaweza kuishi na dola ya 130 au hata ya 160, mradi aijue. Kinachomfilisi ni kulala na bei moja na kuamka na nyingine.

Lakini hiyo hatifungani iliyotuokoa ilikuwa ya namna gani? Mwaka 2014 tulikopa dola bilioni 2 kwa mara ya kwanza katika masoko ya ng'ambo, na bilioni 1.5 kati ya hizo zilikuwa za miaka kumi kwa riba ya asilimia 6.875. Ilipokaribia kuiva, hatukuwa na dola za kuilipa. Tukakopa nyingine kwa riba ya asilimia 9.75, na wanunuzi wakaichukua kwa bei iliyowapa mapato ya zaidi ya asilimia 10, ndipo tukainunua sehemu kubwa ya ile ya kwanza. Deni la bei nafuu likalipwa kwa deni ghali. Hilo jipya litadaiwa kwa mafungu 2029, 2030 na 2031. Mwaka 2025 tukarudi sokoni kukopa tena, safari hii kwa ajili ya hatifungani ya 2027. Simlaumu aliyefanya hivyo Februari ile, pengine hakuwa na njia nyingine. Ila kuahirisha si kutulia.

Tatizo la asili ni kwamba tulikopa dola kwa mambo yasiyoleta dola. Chukua SGR, reli yetu mpya ya kisasa. Sehemu ya Mombasa hadi Nairobi ilizinduliwa Mei 2017 na kugharimu zaidi ya dola bilioni 3, nyingi zikiwa mkopo wa Exim Bank ya China. Abiria wa Madaraka Express hulipa nauli kwa shilingi. Mkopo haulipwi kwa shilingi. Mwaka 2025 Hazina iligeuza mikopo hiyo kutoka dola kuwa yuan ili kupunguza riba, na ni sawa, nafuu ni nafuu, lakini yuan nayo hatuichapishi hapa. Tutaipata wapi? Thamani ya bidhaa tunazouza nje haifiki nusu ya zile tunazoagiza. Chai, maua na kahawa haviwezi kubeba mafuta, ngano, mitambo na vipuri vyangu pamoja na madeni. Kama si ndugu zetu walio ng'ambo, wanaotuma zaidi ya dola bilioni 4 kwa mwaka, sijui tungekuwa wapi.

Na uchumi wakati huo wote ulikuwa unakua! Mwaka 2023, ule ule shilingi ilipoporomoka, pato la taifa lilikua kwa zaidi ya asilimia 5, sana sana kwa sababu mvua ilirudi baada ya ukame mrefu na wakulima wakavuna. Mwaka huo huo petroli ilifika shilingi 217.36 kwa lita hapa Nairobi, na VAT ya mafuta ilikuwa imetoka kupandishwa kutoka asilimia 8 hadi 16. Nani basi alikuwa akikua? Wateja wangu wa matatu walikuwa wanaegesha magari.

Walio na umri wangu wameyaona haya. Baada ya uchaguzi wa 1992, pesa zilizomwagwa zilikuwa nyingi kiasi kwamba noti ya shilingi 500 ilipewa jina la utani Jirongo, kwa jina la Cyrus Jirongo aliyeongoza kundi la kampeni la YK'92, na mwaka uliofuata mfumko wa bei ukapita asilimia 40. Nilikuwa kijana wa kubeba maboksi wakati huo. Mshahara ulikuwa ukiisha kabla ya kufika kituo cha basi. Mwaka 2011 shilingi ilishuka hadi 107 kwa dola, ukame na mafuta vikachangia, na Benki Kuu, ambayo ilikuwa imelala, ikaruka kutoka riba ya asilimia 7 Septemba hadi 18 Desemba. Waliokuwa na mikopo ya magari na nyumba wanakumbuka.

Safari hii ya mwisho riba ya Benki Kuu ilifika asilimia 13. Lakini kilichonipata mimi si kiwango hicho. Ni kwamba benki haikuwa na haja nami tena. Februari 2024 Serikali iliuza hatifungani ya miundomsingi isiyotozwa kodi, riba asilimia 18.46. Ilitafuta shilingi bilioni 70, zikaletwa zaidi ya bilioni 280. Shemeji yangu, mwalimu mstaafu, aliuza ploti akaingiza pesa zote humo, na kusema kweli ningekuwa na ploti ningefuata. Nilipoenda kuomba nyongeza ya mkopo wa kuagiza mzigo, afisa aliyenihudumia aliniuliza kwa upole kwa nini benki imkopeshe mtu wa Grogan ilhali Serikali inalipa hivyo bila kufukuzwa. Sikuwa na jibu, maana alikuwa na haki. Serikali ikikopa namna hiyo nyumbani, viwanda na maduka hukosa, ajira hukosekana, kodi hupungua, nayo Serikali hukopa zaidi. Leo theluthi moja hivi ya kodi tunayotoa huishia kwenye riba peke yake. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka kutukamua shilingi bilioni 346 nyingine. Vijana wakajaa barabarani, Juni 25 damu ikamwagika, na mswada ukaondolewa. Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni, ikatushusha daraja mwezi uliofuata. Deni halikuondolewa pamoja na mswada.

Kuna na hili la wanakandarasi, ambalo halionekani kwenye bei ya dola kabisa. Kuna wateja wangu wenye malori ambao huchukua matairi na breki kwa mkopo kwa sababu kaunti au wizara iliyowapa kazi haijawalipa. Hilo nalo ni deni la Serikali, ila linabebwa na watu kama mimi kwenye daftari.

Anayetaka kuona mambo yanavyoweza kuendelea aende Eastleigh azungumze na wafanyabiashara wanaouza mali Ethiopia. Majirani wale walikua kwa karibu asilimia 10 kwa mwaka kwa muda mrefu, wakajenga reli, bwawa na mitaa ya viwanda, kisha bei zikapanda kwa zaidi ya asilimia 30 mwaka 2022, Desemba 2023 wakashindwa kulipa riba ya dola milioni 33, na Julai 2024 birr, sarafu yao, ikaachiliwa ipangiwe bei na soko. Ilikuwa kama 57 kwa dola. Wiki chache baadaye ilikuwa imepita 100. Na sisi tusijione wajanja. Mwaka 2018 shilingi ilikuwa pia imekaa kimya, karibu na 100, Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, likasema thamani yake imezidi inayostahili kwa asilimia 17.5. Gavana wa Benki Kuu wa wakati huo, Patrick Njoroge, alikataa. Baadaye tuliona ilikoenda.

Nakubali kwamba akiba ya fedha za kigeni imepanda, imepita dola bilioni 10, na hilo ni jema. Lakini uchaguzi wa Agosti 2027 unakuja, na historia yetu ya miaka ya uchaguzi tunaijua.

Ombi langu ni dogo. Waziri wa Fedha akisoma bajeti Juni, baada ya kututajia asilimia ya ukuaji, atutajie na hesabu tatu: mwaka huu tunadaiwa dola ngapi, deni lenyewe pamoja na riba, tunatarajia dola ngapi kutoka kwa chai, maua, kahawa, watalii na Wakenya wa ng'ambo zikishalipia mafuta na mengine tunayoagiza, na pengo litakalobaki litazibwa kwa mkopo upi na riba gani. Asipozitaja, gazeti lenu lina waandishi wa biashara wanaoweza kuzitoa kwenye ripoti za Hazina na kuzichapisha kwenye ukurasa ule ule mnaoweka bei ya dola.

Muuza vipuri,
Barabara ya Kirinyaga, Nairobi